Jina la Kwanza

Akina mama wenye watoto wa matric, ule mtihani wa kumaliza sekondari huku Afrika Kusini, hii ni yenu. Hasa nyinyi ambao, kama Léocadie, Kiingereza cha masikioni mnacho, mnanunua nacho na kugombana nacho, lakini kile cha karatasi kinawapiga chenga. Someni polepole, halafu mkamsomee na jirani.

Léocadie anasuka nywele mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, katika chumba cha mbele cha nyumba moja ambacho nusu yake ni duka la unga wa muhogo na samaki wakavu. Mteja akitoka hapo kichwa kinapendeza na nguo zinanuka samaki, na bado wanarudi. Shule aliishia ya sita primaire, darasa la sita la msingi, kule Bukavu, mwaka ambao vita vilifunga madarasa, na tangu siku hiyo elimu yake yote iko kwenye vidole. Ana mtoto mmoja, Héritière, aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg. Baba yake aliondoka mtoto akiwa wa kubebwa, na habari zake tuziache huko huko alikokwenda.

Tangu darasa la nne neno la Héritière lilikuwa moja: daktari. Léocadie alidhani yatapita, kama yalivyopita ya kuwa mwimbaji. Hayakupita. Alama zikaja, za hesabu, za fizikia, mpaka mwalimu mmoja akapiga simu kuuliza mtoto huyu analishwa nini nyumbani. Na mwezi wa nane chuo kimoja cha udaktari kikamwandikia kwamba alama zake zinatosha na maombi yake yamepita mchujo wa kwanza, kimebaki kitu kimoja: mtihani wa kupima maamuzi. Bila mtihani huo, faili linafungwa.

Héritière aliuita kwa Kiingereza, "judgment test". Léocadie akakamata neno moja, jugement, na jugement kwa Kifaransa chake cha primaire ni hakimu, mahakama, na mtu kusimama mbele ya watu. Kwa hiyo Jumapili akawaomba wenzake wa kikundi cha maombi wamkumbuke mtoto wake, ana jugement mwisho wa mwezi kule Randburg. Jumanne Spéciose, yule Mrundi anayeuza vitenge Jules Street kule Malvern, akaingia saluni na mikate miwili na uso wa msiba.

"Mama Héri, mbona umenificha? Ameiba nini?"

"Nani?"

"Mtoto. Si ana jugement? Nimeleta mkate, nikasema hata mahabusu anakula."

"Spéciose! Mtoto wangu aibe? Ni mtihani! Wa udaktari!"

"Mtihani gani mtu anahukumiwa?"

"Wanamhukumu akili. Wanataka kuona kama ana akili ya kukaa na watu."

"Mana yanje, Mungu wangu." Spéciose aliitazama mikate yake. "Sasa hii nirudi nayo?"

"Hiyo acha."

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akalalamika kwamba mistari inakwenda upande. Ilikuwa wiki nzuri. Léocadie alikuwa akijikuta anatabasamu mbele ya sufuria.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Nafasi za mtihani zilikuwa chache, na zilifunguliwa kwenye mtandao siku moja tu, Jumatatu saa mbili asubuhi. Waliosoma vikao vya wanafunzi vya mtandaoni walisema ndani ya saa moja zinakwisha. Na Jumatatu hiyo saa mbili Héritière alikuwa anaingia kwenye trials, mitihani ile ya majaribio kabla ya matric yenyewe, ambapo simu zinakusanywa mlangoni. Akaunti alikuwa ameshaifungua kwa email yake. Ukurasa wa kujaza majina na kuchagua kituo ndio ulikuwa unasubiri siku hiyo. Akamwandikia mama yake karatasi kwa herufi kubwa: anwani ya tovuti, neno la siri, tarehe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kituo ni Randburg, usikubali Pretoria, usikubali Durban. Akaandika hata namba ya kitambulisho. Kila kitu aliandika isipokuwa jina. Nani humwandikia mama yake jina la mtoto?

Saa mbili kasoro robo Léocadie alikuwa amesimama mlangoni kwa Pandu, Mtanzania wa Tanga mwenye kompyuta nne na mashine ya kutoa kopi. Pandu ni mtu mwema. Liandikwe hilo, maana baadaye watu walitaka kumlaumu. Alimpa kiti, akapangusa kioo kwa shati lake, na saa mbili ilipogonga vidole vyake vikawa vinaruka.

"Haya mama, tumeingia. Twende haraka. Jina la kwanza?"

"Cirhuza."

"C, I, R?"

"Ndiyo, na H ndani. C-I-R-H-U-Z-A."

"Sawa. Jina la kati?"

"Nabintu."

"La mwisho?"

"Héritière."

Pandu aliandika, halafu vidole vikasita. "Hili la mwisho nalo zuri. La Kifaransa?"

"La Kifaransa."

"Maana yake?"

"Mrithi. Yule wa kurithi."

"Aha, la urithi!" Pandu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi ndilo la ukoo."

Léocadie alisikia "la ukoo" na mawazo yake yalikuwa Pretoria na Durban, asije akapelekwa huko. Akasema ndiyo. Pandu akabonyeza.

Mtu anayetoka Kongo hahitaji kuelezwa. Kule kwetu mtoto anaitwa shuleni kama alivyoandikwa kwenye rejista: jina la familia linatangulia, la katikati linafuata, la ubatizo linakuja mwisho kabisa. Cirhuza Nabintu Héritière. Ukimuuliza Mkongomani jina la kwanza, anakupa lile linalosimama mbele. Kwa Pandu jina la kwanza ni lile mama anakuita ukiwa uchi kwenye beseni. Walizungumza Kiswahili wote wawili, wakaelewana vizuri kabisa, na ndiyo ikawa hatari yake. Wangekuwa wanababaika kwa Kiingereza, mmoja angeuliza mara mbili.

Nafasi ikapatikana. Randburg, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Pandu akatoa karatasi kwenye mashine, ikiwa bado na moto, na Léocadie akaibeba mpaka nyumbani kama anabeba yai. Mchana Héritière alipopewa simu yake akakuta ujumbe umeingia, imethibitishwa, na chini yake kituo na tarehe. Salamu ilisema "Dear Cirhuza". Walimu wake wote humwita Cirhuza, hakushtuka. Alifika nyumbani akambeba mama yake juu, mwanamke mzima, akamzungusha.

"Mama, you did it! Umefanya peke yako!"

"Niliwaambia sitaki Durban," Léocadie akasema.

Mazoezi yakaanza. Jioni Héritière alikaa saluni kwenye ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, akisoma maswali kwa Kiingereza na kuyageuza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kila swali lilikuwa kisa, na chini yake mambo ya kufanya, na kila jambo ulipe daraja: linafaa sana, linafaa kidogo, halifai, halifai kabisa.

"Mgonjwa anakupa saa ya mkono. Zawadi. Saa ya bei. Unafanya nini?"

"Bei gani?" akauliza Spéciose.

"Haijasema, tantine."

"Basi swali halijaisha."

"Unaipokea kwa mikono miwili," Léocadie akasema, "unamshukuru, unamwombea. Utamrudishia mgonjwa zawadi, umuue?"

"Haifai, mama."

"Haifai kidogo ama haifai kabisa?"

"Haya. Daktari mkubwa, bosi wako, amekuja kazini ananuka pombe. Una clinic naye saa hiyo."

"Ndizi na maji mengi. Unamfungia ofisini alale, unasema ameitwa."

"Na mke wake?" Spéciose akasema. "Mke wake apigiwe simu aje amchukue, mapema, kabla watu hawajajaa."

Héritière alicheka mpaka akashika tumbo. "Ninyi wawili mmepata ziro. Unamwambia mkubwa wake. Siku hiyo hiyo. Mgonjwa kwanza."

"Nimshtaki mkubwa wangu?"

"Si kushtaki, mama. Ni kusema."

"Eish," Léocadie akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali. Lakini lilipokuja swali la mwanamke anayelia kwenye korido wakati zamu yako imekwisha na basi lako linaondoka, alijibu bila kuinua macho kwenye nywele: unakaa naye, mabasi yapo. Héritière akapiga makofi. Inafaa sana. Siku mbili Léocadie alitembea na jibu hilo kama mtu aliyefaulu.

Ikaja wiki ya mwisho. Jumanne alasiri, mtihani ukiwa Jumamosi, Spéciose alikuwa kwenye kiti na rasta nusu kichwa. Ile karatasi ya Pandu Léocadie alikuwa ameibandika kwenye kioo, chini ya kalenda, ili wateja waione. Spéciose alisoma mpaka sekondari kule Bujumbura. Akainama mbele, akasoma.

"Mama Héri. Mtoto ameolewa?"

"Toka hapa."

"Hapana, nakuuliza. Hapa surname wameandika Heritiere. Na first name wameandika Cirhuza. Surname ni la ukoo. Sasa yeye ni wa ukoo wa nani, wa kina Héritière?"

Léocadie alisimama na kitana mkononi. "Rudia."

Spéciose alirudia, mara hii bila utani. Halafu akauliza kitambulisho cha mtoto kimeandikwaje, ile karatasi yake ya ukimbizi. Léocadie akaenda kuitoa kwenye begi chini ya kitanda, chumba cha nyuma. Surname: Cirhuza. Majina: Heritiere Nabintu. Akaziweka mbili sawasawa kwenye meza ya mafuta ya nywele. Ilikuwa kama watu wawili.

"Labda hawaangalii sana," akasema.

"Wanaangalia," Spéciose akasema. "Hapa chini imeandikwa, majina yafanane na kitambulisho, la sivyo huingii. Nenda. Nywele zangu zitangoja."

Alikwenda mbio na aproni yake. Pandu aliposoma akashika kichwa. "Mama, si uliniambia jina la kwanza?"

"Si ndilo la kwanza?"

Walitazamana. Pandu akafungua ukurasa, akajaribu, ukakataa. Akasoma maelezo mara mbili kabla ya kumtafsiria. Majina yanaweza kubadilishwa mpaka Alhamisi saa sita mchana. Ni kazi ya dakika tano. Lakini mtandao unatuma namba ya siri kwenye simu ya mtahiniwa mwenyewe, na yeye mwenyewe anaiingiza pamoja na picha ya kitambulisho.

"Yaani mwambie binti tu," Pandu akasema. "Hata leo. Dakika tano."

Dakika tano. Mama mwenzangu, ukisikia maneno hayo, tupa kitana, tupa chungu, nenda kamwambie mtoto. Usianze kupima kama yuko tayari.

Léocadie alipima. Jumanne hiyo jioni alimkuta Héritière mezani, amezungukwa na karatasi za hesabu, chakula hakijaguswa. "Mama, please, usiniongeleshe. Kesho ni maths." Akatoka akakaa kwenye ngazi. Alijisemea, nikimwambia sasa, kesho ataingia na hofu mbili, na hesabu zikianguka nani atasema si mimi? Jumatano Héritière alirudi analia. Swali la saba, alama kumi na nne, hakuliona ukurasa wa nyuma. Alilia kama mtoto mdogo, kichwa mapajani mwa mama yake, na Léocadie alimpapasa mgongo. Useme hapo, juu ya kilio kile: na mimi pia nimekuharibia? Mdomo ulikataa.

Kulikuwa na jambo jingine pia, na ni lazima lisemwe. Aliona haya. Ile "umefanya peke yako" ilikuwa bado inamlia masikioni. Katika maisha yake yote ya Johannesburg hajawahi kujaza karatasi peke yake akasifiwa.

Alhamisi asubuhi alimsindikiza mpaka kituo cha basi, jambo ambalo hafanyi siku nyingine. Basi lilipotokea kwenye robot, zile taa za barabarani, Léocadie akasema, "Héri."

"Yes?"

"Umechukua koti?"

"Nimelivaa, mama."

Basi likaondoka. Ilikuwa saa moja kasoro.

Saa nne alikuwa kwa Pandu tena. Alitaka njia nyingine, aandike yeye mwenyewe, kama mzazi, aeleze kosa ni lake. Pandu alisema kwamba hawatakubali, mama, mtafute binti shuleni, piga simu ofisi ya shule, waambie wamtoe darasani. Léocadie akaona mtoto anaitwa mbele ya darasa zima katikati ya wiki ya mitihani, anadhani kuna kifo. Akasema hapana, andika. Pandu akaandika barua nzuri, kwa jina la Léocadie na email yake Léocadie, ikaeleza Kongo wanavyoandika majina na Tanzania wanavyoyaandika. Saa sita ikapita wakiwa wameketi mbele ya kioo. Pandu alimletea chai, haikunyweka.

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi, mistari mitatu. Pandu alilisoma kimya kwanza.

"Wanasema wanaelewa. Wanasema hawawezi kuzungumza habari za mtahiniwa na mtu wa tatu."

"Mtu wa tatu ni nani?"

Pandu alikuna shingo. "Ni wewe, mama."

"Mimi? Mimi niliyemzaa?" Léocadie hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. "Sasa wa kwanza ni nani? Na wa pili?"

Pandu akazima kioo.

Jumamosi waliondoka nyumbani mapema. Léocadie alifunga saluni siku ambayo wateja hujaa, akavaa kitenge cha kanisani, akapika chapati na mayai na kuyaviringisha kwenye taulo. Njia nzima hadi Randburg alikuwa anamwomba Mungu jambo dogo tu, kwamba mtu wa mlangoni awe na haraka. Héritière alikuwa mtulivu ajabu. Alikuwa akinong'ona madaraja yake: inafaa sana, inafaa kidogo.

Kituo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la fanicha, na vijana kama arobaini wakiwa wamepanga foleni na wazazi wao. Mezani alikaa mwanamke wa makamo, mstaarabu, miwani kwenye mnyororo. Alichukua karatasi, akachukua kitambulisho, akaangalia kimoja, akaangalia kingine, akageukia kompyuta.

"Samahani, dada. Majina hayafanani."

Héritière akatabasamu, akidhani ni kosa la macho. "Ni mimi. Angalia picha."

"Naona ni wewe. Lakini mfumo una mtu anaitwa Heritiere kwa ukoo, na kitambulisho kina Cirhuza. Siwezi kumwingiza mtu mmoja kwa jina la mwingine. Ningeweza kupoteza kazi."

"Ni majina hayo hayo! Yamegeuzwa tu!"

"Kulikuwa na muda wa kurekebisha, mpaka Alhamisi saa sita." Mwanamke alisoma tena kioo chake, akivuta miwani karibu. "Na naona mlijua. Kuna barua hapa ya Alhamisi saa nne na dakika ishirini, kutoka kwa Leocadie. Tulimjibu kwamba tunahitaji kusikia kutoka kwako."

Léocadie alikuwa amekumbatia taulo la chapati. Alimwona mtoto wake akigeuka, taratibu, na uso wake haukuwa na hasira bado, ulikuwa unahesabu siku.

"Mama?"

"Ulikuwa na hesabu," Léocadie akasema. "Jumatano ulikuwa na hesabu, mama yangu. Ukarudi unalia. Nikasema nisikuongezee."

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

Aliomba. Ndiyo, Léocadie aliomba pale, mbele ya watu, alipiga magoti kwenye zulia la ofisi hiyo na kumshika yule mwanamke mkono, akamwambia kosa ni la mama, mwadhibuni mama, mtoto hana kosa. Yule mwanamke alisimama, akamwinua, machozi yakimlengalenga yeye pia. Akapiga simu kwa mkubwa wake. Akaongea, akasikiliza, akaweka simu chini. Alisema mkubwa amesema hapana. Kikao kingine kipo mwakani, na chuo kitakuwa kimeshafunga majina.

"Mpishe anayefuata, tafadhali. Nasikitika sana."

Saa tatu mlango ulifungwa. Ulikuwa wa kioo.

Héritière alikwenda kusimama mwisho wa korido, dirishani. Léocadie akamfuata, akasimama hatua mbili nyuma. Hapo ndipo Héritière alipozungumza, na alizungumza kwa Kiingereza. Si kile cha kuchanganya, ambacho wamezoea. Kilikuwa kile chake chote, kilichonyooka, anachoongea na walimu na watu wa benki.

"Ilikuwa dakika tano," alisema. "Ungeniamsha ningefanya. Ungenitumia ujumbe ningefanya kwenye basi. Ulikaa na mimi siku nne."

Léocadie alielewa kila neno. Akajibu kwa Kiswahili, "Niliogopa."

"I know you were scared," Héritière akasema, bila kugeuka. "You're always scared."

Léocadie alitaka waende nyumbani. Héritière alikataa. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akasema atangoja watoke. Wangoje nini? Wakangoja. Léocadie alifungua taulo akampa chapati, Héritière akaipokea, akaishika tu mkononi mpaka ikapoa. Saa nne ikapita. Kupitia kioo waliona vichwa vimeinama, na kiti kimoja cha pembeni kikiwa wazi, kompyuta yake inawaka.

Saa tano na nusu walitoka, wakicheka ile ya kupumua baada ya mtihani. Msichana mmoja wa Kizulu mwenye miwani, aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni na aliyesikia yote, alipunguza mwendo. Akachuchumaa mbele ya Héritière.

"Pole, sisi," akasema; sisi kwao ni dada.

"Kulikuwa na nini?" Héritière akauliza.

"Kweli unataka kujua?"

"Niambie."

Yule msichana akamwambia. Moja moja, alizokumbuka. Héritière alisikiliza macho ameyafumba, na kila kisa kilipokwisha alitoa madaraja yake, haraka, kama anasoma ukutani. Msichana alikuwa akitikisa kichwa: ndiyo, hata mimi, hapo niliweka kidogo, ila wewe uko sawa.

"Halafu ya mwisho ilinisumbua," msichana akasema. "Bibi mmoja mgonjwa, hajui Kiingereza. Binti yake ndiye anatafsiri. Daktari anatoa habari mbaya, na wewe unaona kabisa binti anamficha bibi, anatafsiri vingine. Unafanya nini?"

Héritière alifumbua macho. Amemtafsiria mama yake kliniki tangu akiwa na miaka saba; amesimama hivyo, kati ya daktari na mama, mara zisizo na idadi.

"Unasimamisha mazungumzo," akasema. "Unamwita mkalimani. Bibi ana haki ya kusikia la kwake. Na binti unamtoa nje, unamkalisha, unamuuliza yeye mwenyewe yuko vipi. Hupaswi kumbebesha mtoto."

"Mimi nilichukua dakika nzima kufika hapo," msichana akasema.

"Mimi nisingechukua."

Msichana akamgusa bega, akainuka, akawakimbilia wazazi wake waliokuwa wanamngojea kwenye ngazi. Yule mwanamke wa mezani alianza kuzima taa, chumba baada ya chumba, na alipofika kwenye ile kompyuta ya kiti kilichobaki wazi aliizima kwa kidole kimoja. Léocadie alimnyooshea mtoto wake mkono ili ainuke. Héritière aliutazama mkono huo muda, kisha akaweka kiganja chake sakafuni na kuinuka mwenyewe.